Rudi Ukaswali, Kwani Hujaswali: uzi wa namna ya kuswali swala tano kwa utulivu

#1 (mwenye uzi)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Ndugu zangu, uzi huu nimeukusudia kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni aliyesilimu karibuni, au aliyekulia mbali na chuo cha Qur'ani, anayetaka kujua swala inaswaliwaje tangu mwanzo hadi salamu. Wa pili ni yule aliyeanza kuswali utotoni na sasa ni mtu mzima mwenye watoto, lakini hajawahi hata siku moja kukaa akaikagua swala yake. Mimi nilikuwa katika kundi hili la pili. Leo nasomesha darasa la watu wazima baina ya Magharibi na Isha, na nimeshuhudia mara nyingi kwamba mgeni kabisa hujifunza kwa wepesi kuliko mzoefu, kwa kuwa mzoefu ana mazoea ya kuyaacha kwanza.

Nitaeleza kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea katika misikiti mingi ya mwambao wetu na bara yake. Ndugu zetu Mahanafi, Maibadhi na Mashia wana maelezo yao katika baadhi ya mambo, na anayefuata moja ya njia hizo aulize kwa wanavyuoni wake.

Nianze na hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra, ambayo Bukhari na Muslim wote wawili wameitoa. Mtu mmoja aliingia msikitini Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa amekaa. Akaswali, kisha akaja akamsalimu. Mtume akamrudishia salamu, akamwambia: "Rudi ukaswali, kwani hujaswali." Yule mtu akarudi, akaswali vilevile, akaja, akaambiwa maneno yaleyale, na ikawa hivyo mara tatu. Mwishowe akasema: "Naapa kwa aliyekutuma kwa haki, sijui kuswali vizuri zaidi ya hivi, basi nifundishe." Hapo ndipo Mtume alipomwambia akisimama kuswali alete takbira (aseme "Allaahu Akbar"), asome kilicho chepesi kwake katika Qur'ani, kisha arukuu (ainame) mpaka atulie katika rukuu, kisha ainuke mpaka alingane sawa amesimama, kisha asujudu mpaka atulie katika sijda, kisha ainuke mpaka atulie katika kikao, kisha asujudu tena mpaka atulie, na afanye hivyo katika swala yake yote.

Tazameni mafundisho hayo yameelekezwa wapi. Mtu huyu alikuwa akijua kwamba kuna kusimama, kurukuu na kusujudu, wala hakuambiwa kwamba ameacha kimoja katika hivyo. Kilichokosekana ni neno linalorudi kila baada ya kitendo: mpaka utulie. Wanavyuoni wetu wanaliita tumaanina, na kwa Mashafi ni jambo la lazima katika rukuu, katika itidali (kule kusimama sawa baada ya rukuu), katika sijda mbili na katika kikao baina yake. Wako wanaohesabu nguzo za swala kuwa 13, na wako wanaohesabu 17, na tofauti kubwa ya hesabu hizo ni kwamba hawa wa 17 wameuhesabu utulivu wa mahali hapo pane kuwa nguzo inayojitegemea. Kwa hesabu yoyote, anayeuacha hana swala.

Nitawasimulia nilivyolijua hili kwa mwili wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na siku moja baada ya Adhuhuri mzee mmoja wa msikitini kwetu, fundi seremala, alinishika mkono akaniomba nikae naye pembeni. Akaniambia nimuoneshe rukuu bila kuhirimia, yaani bila kuingia katika swala, kama anayefanya mazoezi tu. Nilipoinama akaweka kiganja chake mgongoni mwangu, akasema, "Sasa inuka kama unavyoinuka kila siku." Nikasema "Sami'allahu liman hamidah", nikainuka, nikateremka kwenda sijda. Akanirudisha. Mara ya tatu akaniuliza: "Mwanangu, kiganja changu kimewahi kusimama wima?" Hakikuwahi. Mgongo wangu ulikuwa unafika nusu ya njia na kuanza kushuka tena, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiswali tangu nina miaka saba. Mzee yule alikuwa amezoea kutazama pima maji kila siku ya kazi yake, na jicho lake halikuweza kuvumilia mgongo usiolala sawa katika rukuu wala usiosimama sawa katika itidali. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila ninayemfundisha naanza naye kwa kiganja kilekile.

Sasa twende kwenye swala yenyewe, na tuanze na wakati, maana swala iliyoswaliwa kabla ya wakati wake haisihi hata ikiwa nzuri kiasi gani. Alfajiri, rakaa mbili, huanza kwa kupambazuka alfajiri ya kweli, yaani weupe unaotanda kwa upana katika ukingo wa mbingu, na hutoka kwa kuchomoza jua. Adhuhuri, rakaa nne, huanza jua likipinduka kutoka katikati ya mbingu. Alasiri, rakaa nne, huanza kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa katikati. Magharibi, rakaa tatu, huingia kwa kuzama jua, na Isha, rakaa nne, kwa kupotea wekundu wa mbingu. Jumla ni rakaa 17 kwa mchana na usiku.

Watu wengi siku hizi wanaijua Alasiri kwa simu tu, nami sina tatizo na simu, lakini napenda kila mwanafunzi wangu aione walau mara moja kwa macho yake. Simamisha kijiti cha sentimita 100 uani. Ukiwa Dar es Salaam mwishoni mwa Juni, kivuli chake jua likiwa katikati kitaelekea kusini na kitakuwa na sentimita 58 hivi. Basi Alasiri itaingia kivuli kikifika sentimita 158. Ukikisimamisha kijiti hicho mwanzoni mwa Machi, au Oktoba kabla ya katikati ya mwezi, kivuli cha katikati ya mchana karibu hakipo kabisa, kwa sababu jua hupita utosini, na Alasiri itaingia kivuli kikifika sentimita 100 na kitu kidogo tu.

Kibla nacho ni sharti, na watu wa mwambao tumerahisishiwa: Dar es Salaam, Unguja na Mombasa ziko karibu katika mstari mmoja na Makka, hivyo kibla chetu ni kaskazini kwa tofauti ndogo mno. Usilichukulie hilo kuwa kanuni ya nchi nzima. Aliye Kigoma huelekea kaskazini lakini akipinda mashariki kwa kiasi cha nyuzi 20, na aliye Nairobi hupinda kama nyuzi 7. Anayetaka kuhakikisha bila chombo chochote angoje tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, au tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana, wakati jua linapokuwa juu ya Kaaba yenyewe. Na kwa kuwa saa ya Makka na saa yetu ni moja, hakuna hesabu ya kugeuza. Simamisha kijiti wima wakati huo, kisha tazama kutoka ncha ya kivuli kuelekea shina la kijiti: huko unakotazama ndiko kibla.

Udhu una faradhi sita: nia wakati wa kuanza kuosha uso, kuosha uso wote, kuosha mikono pamoja na vifundo vya viwiko, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo vyake, na kufuata mpangilio huo. Kusukutua, kupandisha maji puani, masikio na kurudia mara tatu ni suna. Palipo na udhaifu ni visiginoni. Mtume aliwaona watu wametawadha na visigino vyao vikavu, akasema: "Ole wao wenye visigino kwa Moto." Wenye kazi za mikono wajikague zaidi: rangi ya nyumba iliyogandia vidoleni, saruji, gundi, unga wa ngano uliokaukia kwenye kucha za anayekanda maandazi, vyote hivyo huzuia maji, kama inavyozuia rangi ya kucha. Hina haizuii, kwa kuwa imebakia rangi tu. Wala usidhani udhu mzuri ni maji mengi. Mtume alikuwa akitawadha kwa madi moja, kiasi kisichofika lita, na mimi huwaambia wanafunzi wangu watawadhe kwa kikombe kimoja kikubwa ili wajue kwamba inawezekana.

Ukisha kuwa na udhu, nguo safi iliyositiri uchi, mahali pasafi, wakati na kibla, simama. Mwanamume husitiri walau baina ya kitovu na magoti. Mwanamke husitiri mwili wote isipokuwa uso na viganja, na nyayo zake zimo katika cha kusitiriwa. Kanga nyepesi inayoonesha rangi ya ngozi haikusitiri.

Nia mahali pake ni moyoni, nayo ni kukusudia kuswali, kuijua swala gani, na kwamba ni faradhi, sambamba na kusema "Allaahu Akbar". Ukiitamka kwa ulimi kabla ya takbira ili kuusaidia moyo, Mashafi wanaona ni vyema, lakini ulimi ukikosea na moyo umepatia, hesabu ni ya moyo. Nimewaona watu wakirudia takbira mara tano kwa wasiwasi mpaka imamu anarukuu. Mtu huyo ahirimie mara moja na asiitazame tena nyuma.

Kisha weka mkono wa kulia juu ya wa kushoto, chini ya kifua na juu ya kitovu, tazama mahali pa kusujudia, na usome Fatiha, sura ya kwanza ya Qur'ani. Bismillahi kwetu ni aya yake, kwa hiyo Fatiha bila bismillahi imepungua aya moja katika saba. Ina shadda 14, yaani mahali ambapo herufi hutiwa mkazo kama iliyorudiwa, na kuiacha moja kunaharibu usomaji. "Iyyaaka" ukiisoma bila shadda neno limegeuka maana kabisa. Ulimi wetu wa Kiswahili una "h" moja, ilhali ya "alhamdu" inatoka katikati ya koo, basi hiyo haina budi kujifunzwa kwa mwalimu anayekutazama mdomo, na si kwa maandishi kama haya yangu. Baada ya Fatiha na "aamiin" soma sura yoyote katika rakaa mbili za mwanzo.

Rukuu ni kuinama mpaka viganja vifike magotini, mgongo na shingo vikiwa mstari mmoja. Imepokewa kwamba lau maji yangemwagwa juu ya mgongo wa Mtume akiwa katika rukuu yangetulia. Sema "Subhaana Rabbiyal Adhwiimi wabihamdih" mara tatu. Kisha inuka, na hapa ndipo ninapowaomba mpunguze mwendo: simama mpaka kila mfupa urudi mahali pake, sema "Rabbanaa lakal hamd", halafu ndipo ushuke. Itidali ndiyo nguzo inayoibwa kuliko zote misikitini kwetu, na jirani yake ni kikao baina ya sijda mbili. Kipimo cha chini cha utulivu si kikubwa. Wanavyuoni wamesema ni viungo kutulia kwa kadiri ya kusema "Subhaanallaah" mara moja, kiasi kwamba kuinuka kwako kutengane na kushuka kwako.

Katika sijda mwili huwekwa juu ya mifupa saba: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, na matumbo ya vidole vya miguu yote miwili. Akina mama wajichunge na mtandio unaoteremka ukafunika paji lote, na wanaume na kofia au kilemba, kwa sababu paji linatakiwa liguse chini lenyewe, walau sehemu yake. Na wengi wetu, bila kujua, huinua mguu mmoja tukiwa katika sijda. Muombe mwenzio akutazame kwa nyuma. Wewe mwenyewe hutaona. Mtume amekataza kudonoa kama kunguru. Anayeishi Dar es Salaam au Unguja anamjua kunguru anavyodonoa jalalani, kichwa chini, kichwa juu, na hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Ukiinuka, kaa juu ya mguu wa kushoto, vidole vya mguu wa kulia vimesimama, useme "Rabbighfirlii warhamnii" na yanayofuata mpaka mwisho wake. Yale maneno ni maombi ya msamaha, rehema, riziki, uongofu na afya. Anayekatisha kikao kile kwa nusu pumzi ameyaacha yote hayo mlangoni. Kisha sijda ya pili kama ya kwanza, na rakaa moja imetimia.

Baada ya rakaa mbili kaa tahiyatu ya kwanza (kikao cha maamkizi na shahada), ila katika Alfajiri ambamo kikao hicho ndicho cha mwisho. Katika itidali ya rakaa ya pili ya Alfajiri sisi tunaleta kunuti, yaani dua inayosomwa tukiwa tumesimama. Tahiyatu ya kwanza na kunuti ukizisahau hurudii swala. Utasujudu sijda mbili za kusahau kabla ya salamu. Ukiwa na shaka umeswali rakaa tatu au nne, shika chache uliyo na yakini nayo, timiza, na usujudu hizo mbili. Mwisho ni tahiyatu ya mwisho, kumswalia Mtume, na salamu ya kulia, ambayo ndiyo nguzo. Ya kushoto ni suna.

Karibuni kwa maswali.

#2

Shukrani, maalim, umenigusa hapo kwenye itidali. Swali langu ni hili: mimi naswali kwa utulivu nikiwa peke yangu, lakini katika msikiti ulio karibu na kazini kwangu imamu anakwenda mbio kiasi kwamba sijamaliza Fatiha naye ameshainama, na Ramadhani ndiyo zaidi, rakaa ishirini za tarawehe zinakwisha watu hawajatoa jasho la futari. Nifanyeje? Niiache Fatiha nirukuu naye, au niimalize kwanza?

#3 (mwenye uzi)

Allah akuzidishie, ndugu yangu. Jibu linategemea ulivyoingia. Ikiwa ulihirimia pamoja naye na ulikuwa na muda wa kutosha kusoma Fatiha kwa usomaji wa wastani, lakini wewe si mwepesi wa kusoma, basi maliza Fatiha yako na umfuate kwa mpangilio wako, na unasamehewa kubaki nyuma mpaka nguzo tatu ndefu. Itidali na kikao cha katikati si katika hizo ndefu. Ikiwa umechelewa, ukahirimia akiwa karibu kurukuu na hukuupata muda huo, unarukuu naye, na Fatiha iliyobaki ameibeba imamu.

Lakini naona swali lako lina jingine ndani yake. Imamu ambaye hatulii kabisa katika rukuu na itidali anahitaji kuambiwa, na adabu ya kumwambia ni faragha, baada ya watu kutoka, kwa heshima ya mtu anayebeba swala za waumini. Mara nyingi imamu hukimbia kwa sababu wapo waliomlalamikia kwamba anarefusha na wanachelewa kazini. Mkiwa watatu au wanne wa kumwambia kwamba mnataka utulivu, atapata wa kumtia nguvu. Kutulia hakuongezi muda mwingi: "Subhaanallaah" moja katika kila mahali pale inatosha kuisalimisha swala. Ikiwa haikubadilika kitu, tafuta msikiti mwingine. Kuhusu tarawehe, rakaa nane zilizotulia ni bora kwako kuliko ishirini za kudonoa.

Na upande wa pili pia upo. Wapo maamuma, yaani wanaoswali nyuma ya imamu, wanaomtangulia, yeye hajagusa chini nao wameshasujudu. Mtume aliuliza kama mtu anayeinua kichwa chake kabla ya imamu haogopi Mwenyezi Mungu kukigeuza kichwa chake kuwa kichwa cha punda. Ngoja imamu afike, kisha anza kwenda.

#4

Nami naomba nieleweshwe kuhusu masbuki, yaani aliyechelewa kujiunga na jamaa. Nikiingia msikitini nikikuta jamaa wako kwenye rukuu, huwa nakimbia kutoka mlangoni ili niipate rakaa, nasema takbira nikiwa tayari nainama. Kijana mmoja aliniambia swala yangu haijafungika. Amesema kweli?

#5 (mwenye uzi)

Amesema kweli kwa madhehebu yetu, na ni vizuri umeuliza, maana kosa hili liko katika kila msikiti ninaoujua. Takbira ya kuhirimia husemwa mtu akiwa amesimama wima. Ukiitamka mgongo umeshainama kwenda rukuu, hukuingia katika swala ya faradhi, na rakaa zote zinazofuata hazina mlango zilizopitia. Basi fika katika safu, simama, sema "Allaahu Akbar" yote hadi herufi yake ya mwisho ukiwa wima na nia imo moyoni, kisha uiname. Ukimkuta imamu bado yumo katika rukuu, nawe ukatulia naye kabla hajainuka kupita kiwango cha rukuu, umeipata rakaa. Ukitia shaka kama ulitulia naye au la, ihesabu kuwa imekupita, uilipe baada ya salamu yake.

Kuhusu kukimbia, Mtume amesema tukisikia ikama, wito wa kuanza swala ya jamaa, tuiendee swala kwa utulivu wala tusiharakishe, tutakachokipata tukiswali na kilichotupita tukitimize. Yuko sahaba, Abu Bakra, aliyemkuta Mtume katika rukuu akarukuu kabla ya kufika katika safu. Mtume akamwombea Mwenyezi Mungu amzidishie hima, na akamwambia asirudie tena. Napenda sana jinsi alivyoanza na dua kwa hima yake ndipo akamkataza, nami nimejaribu kukujibu kwa njia hiyo.

#6

Assalaamu alaykum, ustadhi. Mimi ni dada niliyesilimu miezi minne iliyopita. Fatiha nimeifikisha nusu tu, na naogopa kwamba swala zangu za miezi hii hazina maana. Pili, mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayenifundisha, magoti yanamsumbua na sasa anaswali kwenye kiti mwanzo hadi mwisho, ingawa anatembea mwenyewe hadi sokoni na kurudi. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

#7 (mwenye uzi)

Wa alaykumussalaam warahmatullah, dada yangu, na karibu sana. Ondoa hofu hiyo. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Katika mapokezi ya Rifa'a ya ile hadithi niliyoanza nayo, Mtume alimwambia yule mtu asome ikiwa anayo Qur'ani, na ikiwa hana basi amhimidi Mwenyezi Mungu, amtukuze kwa takbira na amsifu kwa "Laa ilaaha illallaah". Basi soma nusu ya Fatiha uliyoipata, na mahali pa sehemu iliyobaki soma aya nyingine unazozijua; usipokuwa nazo, sema "Subhaanallaah, walhamdulillaah, walaa ilaaha illallaah, wallaahu akbar" kwa kadiri ya urefu wake, huku ukiendelea kujifunza. Jifunze aya moja kwa siku mbili. Isikilize, irudie mbele ya mwenye kujua, uilete katika swala ya siku hiyohiyo. Na ukumbuke kwamba utulivu katika rukuu na sijda hauhitaji kuhifadhi neno lolote. Huo unaweza kuukamilisha leo, kabla ya Fatiha yako kukamilika.

Kuhusu mama, msingi wake ni maneno ya Mtume kwa Imran bin Huswayn, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri: swali umesimama, usipoweza basi umekaa, usipoweza basi kwa ubavu. Mashafi wanasema kila nguzo huangaliwa peke yake. Asiyeweza kusujudu kwa sababu ya magoti, lakini anaweza kusimama, hapunguziwi kusimama. Mama ahirimie akiwa wima na asome Fatiha akiwa wima. Akiweza kuinama arukuu kwa kuinama na asimame itidali. Kisha akae kwenye kiti kwa ajili ya sijda, ainame kwa kichwa na mgongo kadiri awezavyo, akiifanya sijda kuwa chini zaidi kuliko rukuu ikiwa zote mbili anazifanya kwa ishara. Hana haja ya kuweka mto au meza mbele yake ili auguse kwa paji. Akichoka kusimama katikati ya rakaa, akae, akipata nguvu ainuke tena, hilo linaruhusiwa. Na kama kusimama kunamletea maumivu makali au hofu ya kuanguka, kukaa kwake ni halali na ujira wake haupungui.

Kwa heshima yake, usimwambie kwamba amekosea. Mwambie, "Mama, nimesoma suala la kuswali kwenye kiti, naomba tuliangalie pamoja," umsomee aya hii ya jibu langu, kisha mjaribu rakaa moja pamoja bila kuhirimia, wewe ukiwa umesimama karibu naye kwa upande wa goti linalomsumbua zaidi. Kiti kiwe kigumu kisichoyumba, kisiwe na magurudumu, na kiegemezwe ukutani kwa nyuma ili anapokaa kwenda sijda kisirudi nyuma.